Lami Inapoharibika Mapema: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Kabla ya kuagiza hata pipa moja la bitumini (gundi nyeusi inayoshikilia kokoto za lami) kwa ajili ya matengenezo, tembea kwa miguu kwenye kipande kilichoharibika ukiwa na maswali matatu. Uharibifu uko wapi kwenye upana wa barabara? Ulianza lini tangu lami iwekwe? Upo upande mmoja au pande zote mbili? Ukiukuta umejipanga kwenye njia za matairi, mzigo umehusika. Ukienea upana wote, shuku bitumini, kokoto au kazi ya siku ya kumwaga. Ukikaa pembeni tu, tafuta maji na angalia mabega ya barabara. Lami iliyoharibika ndani ya wiki chache ina kosa la siku ya kazi. Iliyosubiri masika ya kwanza ndipo ikabomoka mara nyingi haikushikamana vizuri au imeingiwa na maji. Na pale mabonde yanapokuwa upande wa kupanda mlima huku upande wa kushuka ukiwa mzima, kama inavyotokea kwenye miteremko mirefu ya aina ya Kitonga mkoani Iringa, chanzo kimeshajitaja: malori yaliyosheheni yanajivuta taratibu, na kila tairi linakaa juu ya lami muda mrefu.

Maneno yametumika hapa kama yanavyotumika saiti. Lami nyepesi ni bitumini iliyomwagwa ikiwa ya moto juu ya tabaka la msingi, kisha ikatandazwa kokoto, mara moja au mara mbili. Lami nzito ni mchanganyiko wa kokoto, vumbi la mawe na bitumini uliopikwa kiwandani na kutandazwa kwa mashine. Dalili za lami hizi mbili zinafanana kwa macho, lakini vyanzo vinatofautiana sana.

Beba rula ya chuma ya mita 2 iliyonyooka, kabari ya kupimia kina, patasi, nyundo, tepu na chaki. Pia omba kumbukumbu za siku ya kazi: joto la bitumini, kiasi kilichomwagwa, saa ya kuanza na hali ya hewa. Mahali ambapo kumbukumbu hizo hazipo, utafiti wako utachukua muda mara tatu zaidi.

KOKOTO ZINANG'OKA (LAMI NYEPESI)

Okota kokoto iliyong'oka, igeuze, tazama upande uliokuwa umelala kwenye lami. Kisha tazama shimo dogo ilimotoka. Hapo ndipo jibu lilipo.

Kokoto ni safi kama imetoka kwenye mashine ya kusaga, na shimo lake ni jeusi linalong'aa: bitumini ilikuwepo, haikushika jiwe. Sababu ya kwanza ni vumbi. Jiwe lenye vumbi hugandisha bitumini kwenye vumbi, si kwenye jiwe. Jaza kokoto kwenye ndoo nyeupe ya maji na uzikoroge. Maji yakigeuka tope, kokoto zile hazikupaswa kumwagwa bila kuoshwa au kupakwa. Kupaka kwenyewe ni kazi rahisi: lita 12 hivi za dizeli au mafuta ya taa yaliyochanganywa na bitumini kidogo kwa kila mita moja ya ujazo ya kokoto, zikageuzwa kwa mashine ya kijiko hadi zipate rangi ya kahawia iliyokoza, bila kuchuruzika. Zifanyiwe hivyo siku kadhaa kabla, zipate kukauka.

Sababu ya pili ni kuchelewa. Bitumini ya 80/100 (namba ya daraja la ulaini wake) humwagwa ikiwa kati ya nyuzijoto 165 na 175. Ikigusa barabara hupoa haraka, na kokoto ikifika dakika kumi baadaye hukaa juu kama punje za mchele kwenye sahani iliyopoa. Lori la kokoto liwe limesimama nyuma ya gari la kumwaga, limejaa, kabla bomba halijafunguliwa. Usimwage urefu usioweza kufunikwa na kokoto zilizopo.

Sababu ya tatu ni aina ya jiwe. Granaiti na mawe mengine yenye kwazi nyingi, ambayo maeneo kama Mwanza yamejaa, hupenda maji kuliko bitumini. Mvua ikipenya, maji huivua bitumini kwenye jiwe. Mawe ya chokaa hushika vizuri zaidi, ingawa ya matumbawe laini ya pwani mara nyingi husagika chini ya matairi. Kipimo ni chepesi: paka kokoto bitumini, zizamishe kwenye maji saa 16 hadi 18, kisha tazama. Eneo lililobaki jeusi likiwa chini ya asilimia 95, tumia dawa ya kuongeza mshiko, kwa kawaida asilimia 0.5 hivi ya uzito wa bitumini. Dawa nyingi huharibika zikikaa siku nyingi kwenye tangi la moto, kwa hiyo ichanganye siku ya kazi.

Sasa upande mwingine. Kokoto ni nyeusi chini, lakini imeng'oka pamoja na ganda jembamba la bitumini lenye vumbi la kahawia: mshiko umevunjika kati ya bitumini na msingi. Ama msingi haukufagiwa, ama praima, yaani bitumini iliyolainishwa kwa mafuta ya taa na kumwagwa juu ya msingi kabla ya lami, ilikosewa. Praima ya daraja la MC-30 humwagwa lita 0.8 hadi 1.0 kwa mita ya mraba, ikapenya milimita 5 hadi 10. Msingi ukiwa mkavu kabisa, vumbi la juu huikataa praima ikajikunja vitone. Nyunyiza maji kidogo kwanza, udongo uwe na unyevunyevu bila madimbwi. Baada ya hapo subiri siku mbili, mafuta ya taa yaliyomo yatoke. Yakifungiwa chini, hulainisha lami kutoka ndani na baada ya wiki chache utaona kokoto zinazama na jasho la bitumini linatoka juu.

Na ikiwa kokoto imepakaa bitumini kidogo tu kwenye ncha, robo ya kimo chake, basi bitumini ilikuwa pungufu. Kokoto iliyokaa sawa huwa imezama nusu kimo baada ya rola, na karibu theluthi mbili magari yakishapita kwa miezi kadhaa.

Upungufu huu hutokea hata pale ambapo hesabu iko sahihi kwenye karatasi. Kosa linalojirudia ni kuchanganya lita na kilo. Lita moja ya bitumini kwenye nyuzijoto 170 ina uzito wa kilo 0.93 hivi. Aliyepewa kiwango kwa kilo akamwaga kwa lita, ameshapunja asilimia 7 kabla ya kosa lolote jingine. Ndiyo maana trei haina mbadala. Chukua trei za bati za sentimita 20 kwa 50, sawa na mita ya mraba 0.1. Zipime zikiwa tupu, zitege kwenye upana wa njia gari lipite juu yake, kisha zipime tena. Trei ikiongezeka gramu 95, umemwaga kilo 0.95 kwa mita ya mraba; kama kiwango kilikuwa 1.10, umepungukiwa asilimia 14, na barabara itakuonyesha hilo mvua zikianza. Trei zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, tatizo liko kwenye noozeli, midomo ya bomba la kumwagia: zimeziba, zimeelekezwa pembe tofauti, au bomba liko chini mno. Hapo utaona kokoto zinang'oka kwa mistari iliyonyooka sambamba na barabara, jambo ambalo hakuna udongo wala maji yanayoweza kulisababisha.

Kokoto nyingi kupita kiasi nazo ni hasara. Pima kimo cha kokoto 200 zikiwa zimelala kwa upande wake mpana, tafuta wastani kwa milimita, zidisha kwa 1.364, hicho ndicho kilo kwa mita ya mraba. Wastani wa milimita 9.5 unahitaji kilo 13. Ongeza asilimia 10 kwa zitakazorushwa, basi. Zilizozidi husagana na zile zilizoshika na kuzing'oa.

Tiba: kama kokoto nyingi bado zipo na bitumini ni hai, fagia zilizolegea, nyunyiza emulsheni (bitumini iliyochanganywa na maji) iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, lita 0.6 hadi 0.8 kwa mita ya mraba, na zuia mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa kwa siku mbili. Kama eneo kubwa limebaki uchi, mwaga upya kwa hesabu mpya. Tumia rola ya matairi. Rola ya chuma huponda kokoto kwenye vipande vilivyoinuka na kuruka vilivyobonyea.

LAMI INATOA JASHO

Barabara inang'aa, adhuhuri inanata kwenye viatu, na mvua ikinyesha inateleza kuliko zote.

Ukiona kipande kifupi cheusi, mita moja au mbili, kinachokata barabara na kurudi kila baada ya mita mia kadhaa, hapo mimwago miwili imepandana. Mwanzo wa kila mmwago utandike karatasi nzito juu ya mwisho wa uliotangulia. Gari lianze kumwaga juu ya karatasi likiwa tayari kwenye mwendo wake.

Jasho kwenye njia za matairi peke yake lina vyanzo viwili vinavyohitaji kutenganishwa. Chimbua kokoto chache kwa patasi. Zikiwa zimekaa juu ya msingi mgumu huku bitumini imezipanda hadi kichwani, kiwango kilikuwa kikubwa kwa magari ya barabara hiyo. Zikiwa zimedidimia ndani ya msingi wenyewe, msingi ni laini, na kupunguza bitumini hakutasaidia. Jasho la upande wa kupanda mlima pekee linatokana na kutumia kiwango kimoja kote: kwenye mwinuko unaozidi asilimia 3, au penye mwendo wa pole, punguza asilimia 10 hivi, kwenye mteremko ongeza kama hiyo.

Tiba ni vumbi la mawe lililosagwa, chembe za milimita 3 hadi 6, litandazwe saa ya jua kali, rola ya matairi ipite, na lirudiwe kila lami inapolimeza. Mchanga wa bega la barabara hauna nguvu hiyo. Husagika na kuwa tope. Usimwage lami nyepesi nyingine juu ya jasho: bitumini ya chini itapanda na kuzizamisha kokoto mpya.

MABONDE YA MATAIRI (LAMI NZITO)

Hili ndilo tatizo linalogharimu zaidi, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Laza rula ya mita 2 kukata bonde na pima kwa kabari. Kuanzia milimita 10 anza uchunguzi. Ikifika 20 maji hutuama na gari dogo linaweza kuelea juu yake.

Kisha tazama kingo za bonde. Lami ikiwa imefura pembeni, kama tope lililokanyagwa, mistari ya rangi nayo ikiwa imepinda, basi lami yenyewe imetiririka. Bonde likiwa pana kama sinia, bila uvimbe, ama matabaka ya chini yamebonyea, ama lami haikushindiliwa siku ya kutandaza na magari yamemalizia kazi ya rola. Kutofautisha haya mawili ya mwisho kunahitaji kori, yaani kipande cha mviringo kinachokatwa kwenye lami kwa mashine.

Kata kori tatu kwa kila sehemu: ndani ya bonde, juu ya uvimbe kama upo, na katikati ya njia za matairi. Pima kila moja ikiwa kavu hewani, ndani ya maji, kisha hewani ikiwa imefutwa uso. Tuseme kavu ni gramu 1,180, iliyofutwa ni 1,184, ndani ya maji ni 687. Ujazo ni 1,184 toa 687, yaani 497; densiti ni 1,180 gawanya kwa 497, sawa na 2.374. Densiti ya juu kabisa ya mchanganyiko usio na hewa ikiwa 2.520, nafasi za hewa ni asilimia 5.8. Kori hii ni nzima.

Bonde likiwa na asilimia 4 au 5 huku katikati ya njia ikiwa na 9 au 10, rola haikufanya kazi. Lengo siku ya kutandaza ni kubaki chini ya 8, maana juu ya hapo maji na hewa hupenya. Bonde likiwa chini ya 3, mchanganyiko umeishiwa nafasi: kokoto hazigusani tena kwa nguvu, zinaelea kwenye bitumini, na kila lori zito linausukuma pembeni.

Kwa nini mchanganyiko uliofaulu maabara ukafikia hapo? Mara nyingi kwa sababu ulisanifiwa kwa Marshall, kipimo cha maabara cha kushindilia sampuli kwa nyundo, ya mapigo 75 kila upande na kuishia hapo. Mapigo 75 hayaigi lori linalopanda mlima kwa kilomita 10 kwa saa juu ya lami iliyofikia nyuzijoto 60 mchana wa pwani. Kwa miinuko, vituo vya mabasi, maingilio ya mizani na mbele ya matuta, shindilia sampuli kwa nyundo ya mtetemo hadi ikatae kabisa kushuka, na hakikisha bado zimebaki nafasi za hewa zisizopungua asilimia 3. Mchanganyiko usioweza hivyo, badili mpangilio wa kokoto kabla ya kugusa kitu kingine.

Vyanzo vingine viangalie kwa utaratibu huu. Bitumini iliyozidi: ongezeko la asilimia 0.5 juu ya usanifu linatosha kuiharibu lami ya mlimani. Mchanga wa mtoni: chembe zake za mviringo huteleza, weka vumbi la mawe yaliyosagwa. Daraja la bitumini: sindano ya gramu 100 huzama kwenye 80/100 milimita 8 hadi 10 kwa sekunde 5 kwenye nyuzijoto 25, na kwenye 60/70 milimita 6 hadi 7. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye kikombe, lakini ni kubwa chini ya ekseli. Mwisho, kufungulia magari lami ikiwa bado ya moto jioni ileile.

Mzigo nao uhesabiwe kwa haki. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli ya matairi manne na tani 56 kwa gari zima. Usanifu wa Tanzania hukuza uharibifu kwa kipeo cha 4.5, kwa hiyo ekseli ya tani 13 huharibu mara 3.3 ya ile ya tani 10. Pata takwimu za mizani kabla ya kumlaumu mkandarasi peke yake, na pia kabla ya kumwondolea lawama.

Kama lami imetiririka, ikwangue kina chote cha tabaka lililoharibika na uweke jipya. Kufunika milimita 40 juu ya tabaka linalotiririka ni kutupa fedha za wananchi. Bonde hurudi kwa sababu kilicho chini bado kinasogea.

Kama kori zote ni nzima, shuka chini. Toboa lami na piga DCP, ncha ya chuma inayosukumwa ardhini kwa nyundo: nyundo ya kilo 8 inayodondoka milimita 575. Kwenye msingi wenye CBR (kipimo cha uimara wa udongo, kwa asilimia) ya 80, ncha huzama milimita 3.5 hivi kwa kila pigo. Ikizama 10, CBR imeshuka hadi karibu 26. Fanya hivyo mwisho wa mvua, siyo Septemba, maana udongo mkavu hudanganya.

Neno moja kuhusu joto. Kwa 60/70, changanya kati ya nyuzijoto 150 na 165. Moshi wa bluu unaopanda kutoka kwenye tipa na lami iliyofifia kuwa kahawia ni ishara kwamba imeungua, irudishe. Rola ya kwanza ipite ikiwa juu ya 130, na ya mwisho imalize kabla haijashuka chini ya 90. Chomeka kipimajoto ndani ya mchanganyiko, usipime ganda la juu. Sakafu ya tipa ipakwe maji ya sabuni, kamwe isipakwe dizeli, ambayo huacha madoa laini yanayogeuka mashimo.

NYUFA

Nyufa za ngozi ya mamba kwenye njia za matairi, zenye udongo mweupe au mwekundu unaotoka baada ya mvua, zinamaanisha msingi umeloa na unasukumwa juu. Anza na mtaro na kalavati. Ukikata na kuziba bila kuondoa maji, kiraka kitafuata njia ileile.

Nyufa zilizotawanyika popote, hata pasipopita tairi, katika lami yenye umri: kata kori juu ya ufa wenyewe. Ufa ulioanzia juu na kuishia katikati unatokana na bitumini kukaushwa na jua. Kuziba kwa lami nyepesi mapema kunaokoa barabara. Ufa ulioanzia chini ni wa uchovu wa tabaka zima, na hapo unene wenyewe hautoshi.

Ufa mrefu mmoja, mita moja hivi kutoka ukingoni, kwenye udongo mweusi wa mbuga kama wa Shinyanga na Simiyu, hufunguka kiangazi na kujibana masika. Udongo wa pembeni hukauka na kusinyaa wakati wa katikati ukibaki na unyevu. Panua bega, lifunike lisipitishe maji, na usiruhusu mikaratusi ipandwe karibu.

Nyufa za miraba mikubwa juu ya msingi wa saruji ni za kusinyaa; ziba kwa bitumini na endelea. Lakini lami ikibanduka kama ganda na chini yake kuna unga, nyunyiza phenolphthalein, kemikali inayobadilika rangi, kwenye msingi uliochimbwa muda huohuo. Penye saruji hai hugeuka waridi iliyokoza. Penye kubaki bila rangi, hewa imeshaila saruji, kwa kawaida kwa sababu msingi uliachwa wazi bila maji wala praima. Kwangua unga wote hadi ufike kwenye waridi.

MASHIMO NA KINGO ZILIZOLIWA

Kata shimo kwa umbo la mstatili, kuta zisimame wima, chimba hadi ufike pakavu na pagumu hata kama ni mara mbili ya kina ulichotarajia. Paka emulsheni sakafuni na kwenye kuta. Jaza kwa matabaka yasiyozidi milimita 75, shindilia kila moja, acha kiraka kimeinuka milimita 5. Shimo lililojazwa likiwa na maji ndani halijazibwa.

Ukingo ukimomonyoka, pima bega kwanza. Bega likiwa limeshuka zaidi ya milimita 50, tairi linalorudi barabarani huvunja ukingo kila siku, na lami mpya bila kuinua bega haimalizi mwaka. Jaza kwa changarawe, shindilia, mteremko uelekee mtaroni, ndipo ukate na kurudisha ukingo.

Malengelenge madogo kwenye lami nyepesi, ambayo yakipasuliwa yana unga mweupe wenye ladha ya chumvi, yanatokana na maji ya chumvi yaliyotumika kushindilia msingi, au changarawe yenye chumvi. Magari mengi huyabonyeza yasikue, kwa hiyo utayaona zaidi kwenye mabega na njia zisizopitwa. Badilisha chanzo cha maji kabla ya kilomita inayofuata, kwani chumvi iliyokwisha kufungiwa chini ya lami haioshwi tena.